Mgongo wa Baba Mkwe

Wajukuu zangu wakisikia kwamba bibi yao alikuwa akivuka bwawa kwa kusimama juu ya kipande cha gogo, hucheka mpaka wakashika mbavu, kisha hutaka nisimulie tena. Huwa nawasimulia nusu. Nawaambia nilivyoanguka, nilivyosimama, na wanawake wenzangu walivyonipigia vigelegele. Nusu ya pili huwa naimeza, maana ndani yake yumo mzee mmoja niliyemharibia jina kwa mdomo wangu huu, naye alikuwa babu wa baba yao. Leo naziandika zote mbili. Miaka imenipunguzia meno, macho na marafiki, lakini aibu hii haijapungua hata kidogo.

Ulikuwa wakati wa Waingereza, vita vikubwa vimekwisha na wanaume waliochukuliwa wamesharudi, waliojaliwa kurudi. Kijiji chetu kipo juu ya bonde, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Lushoto. Mzungu mmoja akaja akafungua kiwanda cha kupasulia mbao chini yetu, akaziba mto ili apate maji. Maji yakajaa, yakapanda, yakaimeza njia yetu ya kwenda mashamba ya ng'ambo. Tulipolalamika tukaambiwa njia ipo, tuzunguke kwa juu. Ni kweli ilikuwepo. Ilipanda ukingo wa mlima, ikapita nyuma ya kiwanda, ikateremka upande wa pili, na mwanamume asiyebeba kitu aliimaliza kwa saa nzima. Sasa mwanamke mwenye kikapu cha kabichi kichwani, hesabu mwenyewe.

Wanaume hawakuchelewa kupata dawa. Gogo linapoanza kupasuliwa, pande la kwanza kutoka huitwa banzi: upande mmoja lina ganda, upande mwingine ni bapa. Mabanzi ya miti mikubwa ya msituni yalikuwa manene, na mengine mapana kama kitanda. Wakayasukuma majini, mtu anasimama juu ya banzi lake, anashika mti mrefu wa kusukumia chini penye tope, na kabla kahawa haijapoa yuko ng'ambo. Mwanamke alivushwa akiwa ameketi, tena na mumewe au kaka yake. Asiyekuwa na mume wala kaka karibu, alizunguka.

Mume wangu alikuwa chini huko, upande wa Magoma, akikata mkonge, na alirudi nyumbani mara moja kwa miezi mingi. Kaka zangu walikuwa kijiji kingine. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne, wa kwanza, niliyemwacha kwa mama mkwe kila nilipokwenda shambani. Saa ya kurudi ikifika maziwa yalinijaa mpaka kifua cha gauni kikalowa. Kutoka shambani niliuona moshi wa nyumba yetu juu ya yale maji, na upepo ukielekea kwangu nilimsikia mtoto analia. Nilikuwa namsikia na siwezi kumfikia mpaka nizunguke mlima mzima. Nililichukia bwawa lile kama mtu anavyomchukia mtu.

Sasa nimtaje baba mkwe. Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawazoeani. Sikutaja jina lake. Tukikutana njiani nilitoka pembeni, nikachuchumaa, nikainamisha macho, nikasema, "Shikamoo baba." Naye alijibu "Marahaba" huku akiangalia mlimani, kana kwamba mlima ndio uliomwamkia. Hakuingia nyumba niliyolala, na mimi sikula mbele yake. Alipokuwa na neno kwangu alimpa mama mkwe, nami nipo nyuma ya ukuta wa udongo nasikia kila kitu. Ndivyo nilivyosikia siku ile, wanawake walipokuwa wametania kwamba nitajifunza kuvuka mwenyewe.

"Mwambie mkwe wangu azunguke," alisema. "Maji yale hayana mzaha."

Mama mkwe akaja kuniambia, na mimi nikaitikia vizuri. Moyoni nikasema, huyo anayenikataza, yeye anavuka. Mimi tangu utoto nina hasira za karibu.

Nikaanza kujifunza baada ya swala ya alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Nilichagua kona yenye matete ambapo maji hayakupita kiunoni. Nilivua gauni nikabaki na kanga moja, nimeifunga kifuani kwa fundo nililoliamini kuliko nilivyopaswa. Siku za kwanza nililala kifudifudi juu ya banzi kama mjusi, na hata hivyo nikadondoka. Baadaye nikakaa, kisha nikapiga magoti. Siku niliyosimama mara ya kwanza, nilisimama kwa muda wa kusema bismillahi na sikuimaliza.

Kilichoniangusha nilikigundua polepole. Sisi wa milimani tumekua na mlima ubavuni. Kila njia ina upande wa kuangukia: ukiteleza, mwili wenyewe unajitupa upande wa juu, mkono unashika nyasi, unainuka unaendelea na safari. Hakuna anayekufundisha, unakunywa katika maziwa. Basi kila banzi lilipotikisika, mimi nilijitupa kushoto, kwa sababu njia ya shambani kwetu mlima ulikuwa kushoto. Nao mlima haupo. Niliangukia maji upande uleule mmoja, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka sikio la kushoto likawa linavuma mchana kutwa. Mtu wa pwani asingefanya kosa hilo. Mimi nilikuwa natafuta ukuta juu ya maji.

Hata hivyo nilipata kusimama kidogo, nikajiona hodari, na nikafanya upumbavu. Siku moja jua la mchana linawaka, mbingu haina hata wingu, nikiwa shambani nikamsikia mtoto. Banzi la mtu lilikuwa ukingoni limeachwa na mti wake. Sikufikiri mara mbili. Nikalikunja gauni ndani ya kikapu lisilowe, nikakaza kanga, nikasukuma.

Upande wa nyumbani baba mkwe alikuwa akipalilia maharage yake karibu na maji. Nikaona ameniona. Akanigeuzia mgongo, akaendelea na jembe lake, na hilo lilikuwa sawa, maana mimi nilikuwa na kanga tupu. Nikamshukuru hata.

Zilibaki hatua tano hivi kufika kwenye matete, pale ambapo maji yana kina chake cha mwisho. Mti wangu ukakwama kwenye tope. Anayejua huuacha mti akabaki na banzi. Mimi nikaung'ang'ania mti, banzi likaondoka na kikapu changu, na nikabaki nimening'inia katikati ya maji kama nguo iliyoanikwa. Kisha nikateremka taratibu mpaka maji yakanifunika. Kanga ikavimba, fundo likafunguka, ikaenda zake. Sikujua kuogelea. Nilikunywa maji ya maganda ya miti, nikapiga mikono, nikaita sijui nini. Mkono wangu ukagonga kitu kigumu, mti, nikaushika kwa mikono yote miwili. Nikahisi navutwa, au niliona najivuta, na miguu ikapata tope.

Nilipofuta macho nilikuwa ndani ya matete, uchi kama nilivyozaliwa, natapika maji. Na nilichokiona ni mgongo wa baba mkwe. Alikuwa anapanda njia ya nyumbani, jembe begani, hageuki. Hakugeuka hata mara moja. Nikachutama mule mateteni nalia, na muda si mrefu mama mkwe akaja anakimbia na kanga kavu mkononi, akanifunga, akanipeleka nyumbani. Sikumwuliza alijuaje.

Nitasema ukweli wote, maana ndiyo kazi niliyojipa leo. Kesho yake nilipita pale, na mti wangu ulikuwa bado umesimama palepale ulipokwama, hatua tano kutoka matete. Niliuona kwa macho yangu. Nilikuwa nimejiambia kwamba mti nilioushika ni huohuo wangu. Mtu mwenye akili angejiuliza, basi ule ulionifikisha kwenye matete ulikuwa upi? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na hasira nzuri, imeiva, na sikutaka kuiharibu kwa swali.

Wiki ileile nikaanza kusema. Niliwaambia wanawake kisimani kwamba mzee aliniona ninazama akajiendea zake. Nilimwambia mama yangu mzazi, naye akawaambia ndugu zake. Niliposema sikusema habari ya kanga. Nilisema tu niliteleza, nikaita, akanipa mgongo. Mume wangu aliporudi kutoka mkongeni nikamwambia yeye pia, kitandani, na machozi juu. Asubuhi akatoka nje akampita baba yake bila shikamoo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikaona. Nikasikia raha. Ndiyo, raha.

Jina likamshika mzee. Wakaanza kumwita Mgongo, kwanza wanawake, halafu vijana wa kiwandani, halafu hata wazee wenzake. Alikuwa mtu wa kuitwa kwenye usuluhishi, ndoa ikitetereka, mpaka wa shamba ukigombaniwa. Wakaacha kumwita. Nani atatumwa kusuluhisha watu, na yeye alimwacha mke wa mwanawe majini? Alikaa nyumbani, akalima, akaenda msikitini, akarudi. Hakujitetea kwa neno moja. Nikasema, unaona, hana la kusema.

Mimi huku nikajifunza kuvuka, na safari hii kwa ukaidi. Sikuogopa tena kuonekana, nilivaa gauni na suruali kuukuu ya mume wangu chini yake. Dawa niliipata msituni, nikiteremka na tita la kuni kichwani kwenye utelezi wa masika. Nikajitazama nilivyokuwa nikitembea: magoti yamelegea, macho yako mbali mbele, nyayo ndizo zinazotafuta, na tita halitikisiki. Nikasema kumbe najua. Kesho yake nikapanda banzi, nikajifanya nimebeba kuni. Likatikisika, magoti yakalipokea. Nikaangalia mgomba mmoja wa ng'ambo, sikuangalia maji, na nilipokuja kuangalia chini nilikuwa nimefika.

Baada ya hapo nilivuka kila siku. Nilivuka na kikapu, nikavuka na mtoto mgongoni. Wanawake wakaanza kuniomba niwavushe, halafu wawili watatu wakataka niwafundishe, nami nikawaambia maneno yaleyale: beba kuni, usitafute mlima. Nilitembea kifua mbele. Wapo waliosema, huyu ndiye aliyeachwa afe na mkwewe, na tazama alivyo sasa. Sikuwasahihisha. Ile hadithi ilikuwa inanipendeza kama nguo mpya.

Mwaka wa pili masika yalikuwa mabaya. Ukingo wa mlima ukaporomoka, njia ya kuzunguka ikakatika, na siku hizohizo baba mkwe akashikwa na kifua. Alikohoa mpaka akainama. Ikasemwa apelekwe hospitali Lushoto, na barabara ya Lushoto iko ng'ambo ya bwawa. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wa kiwandani wameitwa kuondoa udongo barabarani, na mume wangu yuko mkongeni. Mama mkwe akaja jikoni kwangu akasimama.

"Mwanangu," akasema, "nani atamvusha?"

Alijua nani. Nikafuta mikono nikatoka.

Tulivuka hivi. Mimi nilisimama mbele na mti wangu, nimeelekea ng'ambo. Yeye aliketi nyuma, ameelekea nyumbani, bakora juu ya magoti. Migongo yetu ilitazamana. Nilimsikia akivuta pumzi kwa shida. Mara moja banzi likatikisika akakohoa, nikalegeza magoti, likatulia. Nilikuwa na kiburi changu kimoja: leo unavushwa na yule uliyemwambia azunguke.

Tulipogusa ukingo, aliteremka kwa kushikilia matete. Pale palikuwa na utelezi, mvua ilikuwa imelainisha udongo, na mimi nilihitaji kuruka kutoka kwenye banzi huku mti uko mkononi. Baba mkwe alikuwa ameshanipa mgongo, anaangalia mlima. Akarudisha mkono nyuma. Bila kugeuza shingo, akaninyooshea bakora, ncha yake ikaja mpaka penye kifua changu, akaishikilia pale, anangoja.

Nikaishika. Akavuta, kidogo, kwa nguvu ya mgonjwa, hatua moja mbele, hatua ya pili, hageuki. Na mikono yangu ikaujua ule mvuto. Akili ilikuwa imekataa miaka miwili, lakini mikono haikuwa na ubishi. Ulikuwa mpini wa jembe. Aliingia majini kinyumenyume, mzee yule, akinyoosha mpini nyuma yake kama kipofu, akitafuta mkono wa mtu asiyeruhusiwa kumtazama. Alipohisi nimeshika akatembea mbele mpaka akanifikisha kwenye matete, akaondoka kabla sijafungua macho, ili nisije nikaishi na aibu ya kujua kwamba alikuwepo.

Na asingeweza kujitetea. Neno la kwanza la kujitetea lingekuwa kwamba alijua mkwewe yuko uchi.

"Shikamoo baba," nikasema. Ndilo neno pekee nililopata, nikiwa nimesimama kwenye udongo na bakora yake mkononi.

"Marahaba," akauambia mlima. Akangoja niiachie bakora, akaenda.

Hospitali walimpa dawa, akarudi, akaishi miezi kadhaa tena. Ningekuwa mtu, ningekwenda kisimani siku ileile nikasema. Sikwenda. Kila asubuhi nilisema leo, na kila jioni nilikuwa na sababu. Nilijiambia siwezi kumwomba radhi, maana kumwomba radhi ni kumwambia uliniona, na heshima yetu hairuhusu. Lilikuwa neno la kweli, na nilijificha nyuma yake kama mwizi nyuma ya mti wa kweli. Wanawake hawakuwa wakwe zangu. Mume wangu hakuwa mkwe wangu. Hao nani alinikataza kuwaambia? Niliogopa kurudi kuwa mjinga wa bwawani baada ya kuzoea kuwa hodari. Kusimama juu ya maji niliweza, na hilo likanishinda.

Alifariki asubuhi moja, akazikwa siku hiyohiyo kabla mume wangu hajafika. Alifika kesho yake na vumbi la mkonge kwenye nguo. Nilimhesabia: tangu ile asubuhi ya mlangoni, hakuwahi kumwamkia baba yake ipasavyo.

Siku ya tatu ya matanga jiko lilijaa wanawake, na wanaume walikuwa uani nyuma ya ukuta wa mabanzi, wanakunywa kahawa. Tulikuwa tunachambua maharage. Mwanamke mmoja, hata hakuwa na nia mbaya, akasema Mungu amsamehe Mgongo kwa lile la bwawani. Wengine wakaitikia amina.

Amina ile ndiyo iliyoniinua. Nikasimama na ungo mkononi.

"Nilikuwa uchi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa, na sikuishusha. "Kanga ilinivuka. Alikuja kinyumenyume na mpini wa jembe akanitoa. Nilijua. Nimejua tangu masika, na tangu siku ya kwanza sikutaka kujua. Mliyemwita Mgongo alinipa mgongo ili asinione. Mimi ndiye niliyedanganya."

Upande wa pili wa ukuta nikasikia kikombe kikiwekwa chini, na kupitia nafasi ya mbao nikamwona mume wangu anainuka, anatoka uani, anaelekea makaburini peke yake. Hakunitazama. Siku nyingi zilipita kabla hajanitazama.

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mjane wa siku tatu, maharage mapajani.

"Mama, siku ile nani alikutuma na kanga?"

"Yeye. Alikuja amelowa mpaka kwapani. Akasema mpelekee mkwe wangu kanga, amenyeshewa. Nikamwuliza, na wewe je? Akasema na yeye amenyeshewa." Akatupa harage bovu. "Na jua lile, unalikumbuka."

"Ulijua wakati wote. Kwa nini hukunisema?"

"Alinikataza. Alisema uchi wa mkwe hausemwi, kama utasemwa basi mwenyewe auseme." Akavuta ungo wangu kwake, akaendelea kuchambua. "Tulikuwa tunakungoja, mwanangu. Yeye amechoka kungoja."